Tambi, spageti na Indomie: kila moja na maji yake

Hapa Malindi ukisema unapika tambi, watu wa rika la mama yangu wanawaza tambi za sukari za futari. Watoto wanawaza Indomie. Spageti nayo imeshakuwa chakula cha nyumbani, maana Waitaliano tumeishi nao tangu zama za mitambo yao ya Ngomeni, walikorushia setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Mimi napika zote. Nikiulizwa kwa nini za fulani zimeshikana bonge, swali langu la kwanza huwa: ulitia maji kiasi gani?

Tambi za sukari hazimwagwi maji. Yote huyanywa zenyewe. Zivunje, kisha zikaange kwa samli au mafuta, moto wa wastani, mwiko usitoke mkononi. Simu ikilia, iache ilie, kwa sababu kutoka rangi ya dhahabu hadi kuungua ni kitambo kidogo mno. Wanga ukishakaangwa hupungua kunata, ndipo tambi zikaiva zikiwa zimeachana. Kwa pakiti ya gramu 400 mimi huanza na vikombe viwili na nusu vya maji ya moto na chumvi chembe. Sukari, kama robo tatu ya kikombe, naitia tambi zikishalainika kiasi, pamoja na hiliki na zabibu. Sukari nayo inavuta maji, hivyo ukiiwahisha tambi hukaza. Wanaozitaka za nazi watumie tui jepesi badala ya maji, lile zito lije mwishoni. Yakikauka, onja. Bado ngumu? Nyunyiza maji, funika, punguza moto, na kama unapikia mkaa tia makaa machache juu ya kifuniko. Anayemimina maji mengi kwa mara moja hupata uji mtamu.

Spageti ni kinyume chake kabisa. Hii inataka kuogelea: nusu kilo kwa lita nne au tano, maji yachemke hasa kabla hujaitia. Chumvi, gramu 10 hivi kwa lita. Lakini wengi wetu tunatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi, basi onja kwanza. Koroga dakika mbili za mwanzo, maana hapo ndipo zinaposhikana. Mafuta ndani ya maji ni kuyapoteza tu, yataelea juu. Itoe ikiwa bado na ugumu kidogo wa kutafuna, na kabla ya kuchuja chota kikombe kimoja cha yale maji. Usiisuuze kwa maji baridi, tafadhali! Ule wanga wa juu ndio unaoshika mchuzi.

Mchuzi wangu ni wa kamba. Maganda na vichwa nachemsha pembeni kupata supu, sitaki kuvitupa. Kitunguu thomu na pilipili mbichi kwenye mafuta, nyanya mbivu, supu ile, moto mpaka mchuzi uwe mzito. Kamba huingia mwisho kabisa, dakika mbili tatu. Wakizidi wanakuwa mpira. Kisha spageti na maji yake kidogo kidogo huku unageuza, hadi mchuzi ung'ae na kuivaa. Dania, ndimu, basi. Jibini juu ya kamba siitaki, na Waitaliano wengi watakuunga mkono.

Indomie, jina tunalozipa tambi zote za kuiva haraka hata zikiwa za kampuni nyingine, zilianzia Japani mwaka 1958 kwa mvumbuzi wake, Momofuku Ando. Alizikaanga zikapoteza maji na kubaki na vitundu vidogo, ndiyo maana huiva kwa dakika tatu. Kwangu unga wa kile kipaketi nautia nusu, chumvi yake ni nyingi. Yai, mchicha na kitunguu vinaziba pengo.

Tambi za mchele hazihitaji hata jiko: zifunike kwa maji ya moto mpaka zilainike, chuja, kisha zipitishe haraka kwenye kikaango chenye mboga.

Na spageti ya jana usiichemshe tena. Kaanga kitunguu na bizari, itie, mimina mayai mawili yaliyopigwa, igeuze upande wa pili ikishashika rangi. Inaenda vizuri na chai ya asubuhi.