Maswali Yenu: Nitasaidiaje mtaa bila kuua mtaji?

Swali: Shikamoo anti. Nina hoteli yangu ndogo ya chakula hapa Tanga, wali wa nazi na samaki wa kupaka, mwaka wa nne sasa. Shida yangu ni watu, kila msiba kwangu, kila mchango wa madrasa kwangu, vijana wa bandarini wanakula halafu "andika mama", daftari limejaa nimenunua la pili. Toleo lililopita ulimgusia yule bibi wa Marekani, Leah Chase, ukasema alibeba mtaa mzima na hoteli haikufa. Aliwezaje?
*Mama Wali, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hilo daftari la pili limenitia jakamoyo, ila tuanze na bibi.

Leah alizaliwa 1923 huko Louisiana, na hoteli yenyewe, Dooky Chase's, hakuianzisha yeye, ilikuwa ya wakwe zake, walifungua 1941 mjini New Orleans, kule kusini karibu na Ghuba ya Mexico. Yeye aliolewa humo 1946 na mtoto wao Edgar, mpiga tarumbeta. Sasa hapa ndo penye utamu. Enzi hizo mitaa ya Weusi haikuwa na benki zao, kwa hiyo Ijumaa watu wakishapewa hundi za mshahara wanaenda nazo kwa wakwe zake, wanabadilishiwa pale pale kaunta. Ila si kila mtu! Ni wale wanaojulikana na kuaminika tu. Na mtu ameshashika hela yake, tumbo linauma njaa, jikoni kunanukia vitu vya kukaanga, ataenda wapi? Anakaa, anaagiza mkate wake uliojazwa mpaka unapasuka, anashushia na kinywaji. Umeona mchezo? Jirani kasaidika na droo nayo imeingiza.

Leah naye akaja na ya kwake. Sheria za ubaguzi zilikuwa hazitaki Mweupe na Mweusi wale meza moja, yeye akawa anawapandisha ghorofani, wanafanya vikao vyao vya kudai haki huku wanakula gumbo na kuku wa kukaanga, wakiwemo wale vijana waliokuwa wanapanda mabasi kupinga ubaguzi mwaka 1961, na Martin Luther King mwenyewe alipita pale. Polisi walijua bana, ila hoteli ilipendwa mno, kuivamia ilikuwa kutafuta balaa na mji mzima. Si kwamba ilikuwa raha tupu, kuna kipindi walitupiwa hadi bomu. Na kuta zake alizijaza picha za wachoraji Weusi wakati kumbi kubwa za maonyesho zilikuwa haziwataki.

Sasa angalia, chumba ni chake, sufuria liko jikoni tayari, ukuta upo. Alitoa vitu ambavyo hoteli inavyo. Wewe unatoa hela ya kesho ya kununulia samaki, ndo maana unalia.

Kimbunga Katrina kilipopiga 2005 hoteli iliingia maji, yeye na mzee wake wakaishi kwenye trela ng'ambo ya barabara, watu wazima kabisa wale. Alhamisi Kuu ya 2006 wapishi wenzake wakaandaa mlo wa kumchangia wakapata dola 40,000, na 2007 akafungua tena ana miaka 84. Mwaka 2013 familia ikaunda taasisi yake ya misaada, elimu, sanaa, mambo ya mapishi, hela zina mlango wake.

Kwa hiyo msiba ukija peleka sufuria la chai na maandazi, azimisha na mabenchi, bahasha acha. Madrasa wape wali siku moja kwa mwezi, siku uichague wewe. Na daftari libaki la watu watano unaowajua hadi kwao, wengine wakisema andika waambie kalamu imeisha wino.

Swali: Anti mimi nimeolewa kwenye familia yenye mgahawa, nataka kubadilisha menyu mama mkwe ananuna.
*Mke wa Mdogo, Bagamoyo*

Jibu: Huyo huyo Leah, watoto wake walipoanza shule akaingia jikoni na mbwembwe za mahoteli ya Wazungu alikokuwa mhudumu, akapika kamba koche wa krimu na jibini. Wateja wakamshangaa, wakasema huyu binti anakuja kuua biashara ya watu! Akarudi kwenye chakula cha kikwao, kikamtoa. Alichobadilisha kikakubalika ni meza, vitambaa, namna ya kumkaribisha mtu. Anza na vitambaa mdogo wangu, mama mkwe hatanuna kwa kitambaa.

Swali: Gumbo ndo nini, ni mlenda?
*Mpenda Kula, Mtwara*

Jibu: Hujakosea sana! Jina linasemwa limetoka kwa Wabantu wa Angola waliopelekwa utumwani, kingombo, yani bamia. Ni mchuzi mzito, unga wa ngano unakaangwa na mafuta hadi uive rangi, unaweka kamba, kaa, soseji, mara nyingi na bamia. Kuna na ya majani matupu (na nyama zake lakini) ambayo Leah aliipika kila Alhamisi Kuu, aina tisa za majani, lazima ziwe witiri. Ila usiongeze pilipili ya chupa, Obama aliongeza mbele yake akagombezwa kama mtoto.