Kipimo gani kingemwona Tu Youyou?

Wiki hii mmeuliza kama umaarufu wa mwanasayansi unaweza kupimwa na kama unaweza basi tutumie kipimo gani. Mi naona unapimika, na vipimo viko vingi tu, shida ni kwamba karibu vyote vinahesabu jina limetajwa mara ngapi, na jina la mtu na kazi yake mara nyingi vinaachana njiani. Mfano wangu mkubwa ni Tu Youyou, mama wa China aliyegundua dawa ya malaria, nitamfikia mwishoni.

Kuna kile cha mwaka 2011 ambacho nakipenda sana. Watu walichukua mamilioni ya vitabu ambavyo Google ilikuwa imeshaviskani, wakahesabu jina kamili la kila mwanasayansi limeandikwa mara ngapi mwaka hadi mwaka, alafu kizio wakamfanya Charles Darwin mwenyewe, yaani yeye ndo 1 na wenzake wanapimwa kwa sehemu za elfu, milidarwin. Unajua nani aliongoza? Bertrand Russell, akampita hata Darwin, Einstein akawa wa tatu. Sasa Russell alikuwa mwanahisabati mkubwa sana sikatai, lakini huyu huyu alifungwa jela 1918 kwa kupinga vita, akapewa Nobeli ya fasihi 1950, akapigana na silaha za nyuklia mpaka uzeeni, sasa kati ya hizo kurasa zote zenye jina lake ngapi zinaongelea hisabati? Na Einstein je, nani anaandika Albert kila mara, watu si wanaandika Einstein tu na wanaeleweka, kwahiyo ukihesabu jina kamili peke yake umemwibia kwa sababu ni maarufu mno. Hilo la mwisho linaniuma kweli, mtu anashushwa na ukubwa wa jina lake!

Watafiti wenyewe wanahesabu nukuu, yaani kazi yako imetajwa kwenye kazi ngapi za wenzako. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta indeksi h, ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20 basi h yako ni 20. Rahisi kuhesabu, ndo maana waajiri wanaipenda, lakini mwanafizikia Peter Higgs, baada ya kazi yake ya 1964 iliyotabiri chembe inayoitwa leo kwa jina lake, alichapisha makala zisizofika kumi, akapata Nobeli 2013, na alisema wazi kwamba kwa mfumo wa siku hizi asingepata hata ajira chuoni.

Alafu angalia nani anaongoza kwa nukuu. Sio Einstein, sio Watson na Crick waliofumbua umbo la DNA. Ni makala ya Oliver Lowry na wenzake ya 1951, inayoelezea namna ya kupima protini kwenye sampuli, na kufikia 2014 ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Makala ya Watson na Crick ya 1953 ya umbo la DNA haikuingia hata kwenye makala mia moja zinazoongoza! Wala sio ajabu, kila aliyepima protini maabara alipaswa kusema ametumia njia gani hivyo anamtaja Lowry, ila DNA ikishaingia kwenye vitabu vya shule hakuna tena anayeona haja ya kutaja makala ya kwanza, kila mtu anajua. Lowry mwenyewe alikuwa anasema wazi kwamba hiyo sio kazi kubwa kihivyo. Kwahiyo mbele ya nukuu, ukishinda kabisa unapotea.

Kesi inayonikaa kichwani lakini ni ya Tu Youyou wa China. Mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria ulianza 1967, yeye akapewa timu, wakajaribu mimea mingi sana, dondoo ya mmea mmoja wa pakanga ikawa leo inafanya kazi kesho haifanyi, mpaka aliporudi kwenye kitabu cha tiba cha zaidi ya miaka 1,600 akakuta wanasema uloweke kwenye maji ukamue, hakuna kuchemsha, akawaza labda joto ndo linaiua dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo tu, na 1971 ikakubali, alafu akainywa mwenyewe kwanza kabla ya wagonjwa. Artemisinini hiyo, leo ndo msingi wa dawa mseto za malaria dunia nzima.

Makala yake ya kwanza ilitoka 1977 bila jina la mtu hata mmoja, imeandikwa kikundi cha utafiti basi. Sasa uhesabu nini hapo? Hakuna wa kumpa nukuu, indeksi h yake inatoka wapi, milidarwin yake ni ngapi? Mtaalamu wa malaria Louis Miller alikuwa kwenye mkutano Shanghai 2005 akawauliza wataalamu wa malaria wa China kabisa, jamani nani aligundua artemisinini, na hakuna aliyejua. Ikabidi yeye na mwenzake wakachimbe barua na ripoti za zamani za mikutano ya ule mradi, kwenye makaratasi huko ndo wakamkuta. Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani, ikaja 2011, Nobeli 2015, mama akiwa na miaka 84.