Insha ya uhakiki kuhusu Star Trek ya zamani: mimi ningeanzia pale meli inapoondoka

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema uko mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, umemaliza msimu wa kwanza na kiasi cha msimu wa pili wa Star Trek ile ya zamani, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu wasafiri wa meli ya angani, na unataka kuiandikia insha ya uhakiki kwa Kiswahili. Unahofia mambo mawili: kwamba Wamarekani na Waingereza wameshaimaliza kwa kuiandika, na kwamba Mtanzania hana cha kuongeza zaidi ya kukumbusha kuwa jina la Uhura, yule afisa mawasiliano wa meli, limetokana na neno letu "uhuru". Nitakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, maana nilianzia hapo hapo ulipo.

Insha yangu ya kwanza ilikuwa Uhura mwanzo mwisho. Niliandika kwamba tamthilia ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC tarehe 8 Septemba 1966, kwamba Nichelle Nichols, mwigizaji wa Uhura, alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza na Martin Luther King Jr. akamsihi abaki, kwamba mwanaanga Mae Jemison aliyeruka angani mwaka 1992 alivutiwa na Uhura tangu utotoni. Yote ni kweli. Nikaisoma mbele ya wenzangu wanne tuliokuwa tukikutana Jumamosi kule Nkuhungu kusomeana kazi zetu. Dada mmoja akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sawa, lakini huyo Uhura, humo ndani anafanya nini?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimekusanya sifa za tamthilia, tamthilia yenyewe nilikuwa sijaigusa. Iliniuma, na namshukuru mpaka leo.

Aliyenionyesha pa kushika ni bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, nimekwenda kumwona upande wa Mvumi. Mvua zilikuwa bado, mashamba yameshaberegwa, yaani yamesafishwa tayari kwa kupanda, watu wanatazama mawingu tu. Jioni nikafungua laptopu, nikawa namtafsiria kwa mdomo kama wanavyofanya kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea filamu. Episodi yenyewe ilikuwa "The Apple", iliyorushwa 13 Oktoba 1967.

Kwa wanaopita hapa na hawajaiona: Kapteni Kirk, mkuu wa meli, na wenzake wanashuka kwenye sayari ya Gamma Trianguli VI. Wanakuta watu wachache wasiozeeka, wasiozaa, wasiojua ugonjwa. Kazi yao ni moja, kumlisha Vaal, mashine yenye kichwa cha joka lililochongwa kwenye mwamba. Vaal ndiye anayewaletea mvua na matunda. Vijana wanne wa ulinzi waliofuatana na Kirk wanakufa mmoja baada ya mwingine, na huko juu Vaal ameishika meli anaivuta ianguke. Kirk anawazuia wale watu wasimlishe, kisha meli inampiga Vaal kwa miale hadi anazimika. Kiongozi wao, Akuta, anasikitika: Vaal ndiye aliyekuwa akiweka matunda mitini na kuleta mvua. Kirk anamwambia watajifunza kujitunza wenyewe kwa msaada wa kina Kirk, na kwamba kuweka matunda mitini si jambo la ajabu, watalifurahia.

Bibi alikuwa anachambua mboga za mlenda. Hapo akaacha.

"Hao watu wamewahi kulima?"

Nikamwambia hawajawahi.

"Mbegu wanazo?"

Nikasema hawajatuonyesha, bibi.

"Na huyo bwana, nani anamwacha hapo awafundishe? Anarudi lini kuwaangalia?"

Wakati huo Kirk, msaidizi wake Spock mwenye masikio yaliyochongoka, na daktari McCoy walikuwa wameshapanda melini wanataniana kuhusu bustani ya Edeni na jinsi Spock anavyofanana na shetani. Muziki ukapigwa, ikaisha. Bibi akanitazama akisubiri jibu, na mimi sikuwa nalo, kwa sababu tamthilia hailitoi. Meli haikuonekana tena Gamma Trianguli VI.

Mkuu, mimi nilikuwa nimeiangalia episodi hiyo mara mbili kabla ya siku ile, na nililoliona ni watu kukombolewa kutoka kwa mungu wa chuma. Bibi aliiangalia mara moja akaona watu ambao msimu ujao watakufa njaa. Kwao mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari uwele umekwisha. Masuke ya mbegu anayaning'iniza juu ya jiko yapate moshi, na hata kukiwa na njaa hayaguswi. Amelelewa na wazee waliosimulia njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920 iliyoumaliza Ugogo. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alihamishwa akiwa mke kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati watu wa huku waliokuwa wametawanyika walipokusanywa vijijini. Hasimulii kwa hasira. Anachokitaja kila mara ni shamba la karibu na zizi, ardhi iliyolishwa samadi miaka na miaka, ambayo huwezi kuibeba kichwani ukahama nayo. Kwa hiyo akisikia mtu anasema kuweka matunda mitini ni jambo dogo, anajua huyo hajawahi kusubiri mvua.

Hapo ndipo nilipopata swali ambalo nimelitumia hadi leo: meli ikishaondoka, waliobaki wanaishije? Jaribu kuiuliza tamthilia yote swali hilo, utaona inavyojifungua.

Nikaingia kwenye kosa la pili, nalo nakuonya. Niligundua kwamba andiko la Mwalimu Nyerere la Ujamaa Vijijini, lililohimiza watu kuishi na kulima pamoja vijijini, lilitoka Septemba 1967, na "The Apple" ikarushwa Oktoba mwaka huo huo. Nikafurahi mno, nikaandika kurasa tatu kana kwamba waandishi wa Hollywood walikuwa wanatuzungumzia sisi. Hawakuwa wanatuzungumzia. Tarehe kukaribiana si ushahidi. Kurasa zile nilizifuta zote nikabakiza swali la bibi, kwa sababu swali lake linasimama kwa yale yaliyomo ndani ya episodi bila kuhitaji historia yetu iliegemeze. Maisha ya kwetu yanakupa jicho la kuonea, lakini ushahidi uchukue kwenye kioo.

Halafu tenda haki. Kirk ana sababu: watu zaidi ya mia nne wako ndani ya meli inayoanguka. Waandishi nao, Max Ehrlich na Gene L. Coon, si kwamba hawakuliona tatizo. Katikati ya episodi Spock anabishana na McCoy kwamba utaratibu wa wale watu unafanya kazi, na mwishoni anasema hana hakika kama walilofanya lilikuwa sahihi. Swali linaulizwa, kisha utani unalifunika. Mhakiki akiificha hiyo sauti ya Spock ili hoja yake ipendeze, amedanganya.

Uliza pia kwa nini tamthilia inasahau namna hiyo. Enzi zile kila episodi ilitakiwa ifungwe ndani ya dakika kama hamsini, mtazamaji wa wiki ijayo aanze upya bila kudaiwa kumbukumbu ya wiki iliyopita. Umbo hilo ndilo lililoiokoa baadaye: NBC ilipoikatisha mwaka 1969 ikiwa na episodi 79, vituo vidogo vya Marekani viliendelea kuzirudia rudia miaka ya 1970, na mashabiki wakaongezeka kuliko wa mwanzo. Kwa hiyo kusahau kwake kuna mkono wa biashara ya televisheni, huwezi kumtupia Kirk lawama zote.

Na sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Katika "Space Seed", Februari 1967, Kirk anamwacha Khan, mbabe aliyejaribu kuiteka meli, na watu wake kwenye sayari ya Ceti Alpha V, na Spock anawaza ingekuwaje kurudi baada ya miaka mia kuona mbegu ile imeota nini. Miaka 15 baadaye, 1982, ikaja filamu ya The Wrath of Khan. Sayari jirani ililipuka, Ceti Alpha V ikageuka jangwa la upepo, mke wa Khan na wengine wengi wakafa, na moja ya malalamiko ya Khan ni kwamba Kirk hakuwahi kurudi kuwaangalia. Nilipofika hapo nilisimamisha filamu. Lilikuwa swali la bibi, neno kwa neno karibu. Khan ni katili na filamu haimsafishi, lakini lalamiko lile halijibiwi na mtu. Wenye tamthilia walikuwa wamefika alipofika bibi, ila iliwachukua miaka 15. Ukiweka "The Apple" na filamu hii pamoja una insha nzima, na sijaona haja ya kuanza na vitabu vya wahakiki wengine. Wasome baada ya rasimu yako ya kwanza, ubishane nao ukiwa na lako mkononi.

Kuhusu Uhura, usimwache, ila mwendee kwa njia hiyo hiyo. Angalia "The Changeling", 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inamfuta akilini kila alichojifunza. Muuguzi Christine Chapel anamkalisha na kumfundisha kusoma kama mtoto wa chekechea, na akikwama, kinachomtoka ni Kiswahili. Mimi nililia pale, sikufichi. Kila kitu kimefutwa na lugha ya nyumbani imebaki chini kabisa. Kisha McCoy anasema ndani ya wiki atakuwa amerudi kazini, na mazungumzo yanahamia kwingine. Mama yake, walimu wake, wimbo aliokuwa akiuimba pale pale episodi ilipoanza kumhusu: je, navyo vimerudi? Hatuambiwi.

Wiki iliyofuata, tarehe 6 Oktoba, wakarusha "Mirror, Mirror". Humo Uhura anafanya kazi kubwa kuliko karibu episodi zote, anamzuga Sulu, rubani wa meli, kisha anamtolea kisu, jasiri kabisa. Angalia hizo mbili mfululizo, kalamu mkononi, uandike kila neno linalosemwa kuhusu kumbukumbu zake zilizofutwa. Mimi nilifanya hivyo, na ukurasa wangu wa "Mirror, Mirror" ulibaki mweupe.