Biti inaunguza mbao ngumu: ongeza mwendo, usipunguze

Ndugu, umesema biti (kisu kinachozunguka) ya milimita 6 yenye meno mawili kwenye mashine yako ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, inaunguza mbao ngumu kwa mizunguko 24,000 kwa dakika na mwendo, yaani kasi ya biti kusonga mbele ndani ya mbao, wa milimita 1,000 kwa dakika, ukauliza kama upunguze mwendo zaidi. Hapana, tafadhali usipunguze! Zidisha 24,000 kwa 2, kisha gawa 1,000 kwa jibu hilo: kila jino linang'ata milimita 0.02 tu. Hapo halikati, linasugua, na kusugua ndiko kunakoleta moshi. Lenga milimita 0.08 hivi kwa kila jino. Ukishusha mizunguko hadi 16,000, mwendo unakuwa kama milimita 2,500 kwa dakika.

Kina cha kukata kwa kila pito anza na milimita 3, nusu ya kipenyo cha biti. Mashine ikitetemeka, punguza kina kwanza, mwendo uache ulivyo.

Kisha chota kinachotoka, ukitazame kiganjani. Maranda madogo yenye umbo, uko sawa. Unga laini kama wa ngano, bado unasugua. Mimi nayaamini maranda kuliko jedwali lolote.

Biti hiyo iliyoungua iangalie kwenye mwanga: ncha ya jino ikimetameta, imeshakuwa butu. Weka nyingine kabla hujajaribu tena.