Shemeji aliposimama Ujiji akasema "ndiyo hii tu?"

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, nina semina Kigoma, nitabaki na siku mbili za kutembea. Huko kuna nini cha kuona?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza skrini nzima na bado sijamwambia aanzie wapi. Swali kama hilo nililisikia miaka minne iliyopita kutoka kinywani mwa shemeji yangu, na mpaka leo halijanitoka.

Shemeji ana gereji Tabata, na kila akipata likizo yuko Zanzibar. Siku hiyo tuko kwenye maulidi kwa wakwe, kaanza kusifia Forodhani, nami nikajibu kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima kwamba Kigoma ndiyo mji wa historia na maji, aje aone. Bibi yangu ni Mmanyema wa Ujiji, mji mkongwe kando ya Kigoma, amezaliwa huko na amezikwa huko. Ningenyamazaje?

Safari ya treni siisimulii. Unalala, unaamka, unakula, unalala tena. Tulishuka mwisho wa reli shemeji akiwa bado na furaha, akalisifu jengo la stesheni la Wajerumani, nikamwambia reli ilifika hapa mwaka 1914. Ningekuwa na akili ningempeleka kuoga na kupumzika. Mimi nikampakia kwenye bajaji jua la saa saba mchana, moja kwa moja Ujiji kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti.

Unajua pale pakoje. Mnara, miembe, nyumba ya makumbusho yenye sanamu za wale wazungu wawili wakisalimiana. Shemeji kazunguka mara moja, kafuta jasho, kaniangalia. "Ndiyo hii tu?"

Nilikosa la kusema, na hilo ndilo kosa langu. Nilimpeleka mtu kuona jiwe bila kumpa habari yake. Ningemwambia kwamba Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869 akitegemea vitu alivyotanguliziwa, akakuta vingi vimeibwa. Akavuka kwenda Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, akarudi Oktoba 1871 mgonjwa, hoi, na shehena nyingine tena imeshauzwa na aliyepewa kuitunza. Ndipo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akatokea. Kwa hiyo shemeji hakuwa mgeni wa kwanza kukatishwa tamaa Ujiji! Ningemwonyesha pia kwamba ile njia yenye miembe ndiyo iliyokwenda Tabora hadi Bagamoyo, na miongoni mwa waliopita humo walikuwamo watumwa wengi, si wasafiri kwa hiari yao. Bibi alikuwa hapendi kuizungumzia. Alikuwa anasema tu, "embe tamu, mjukuu wangu, aliyelipanda usimuulize."

Zaidi ya yote ningemteremsha hadi Ziwa Tanganyika. Zamani maji yalikuwa karibu na mnara, siku hizi ni lazima ushuke. Huko kuna mafundi wa boti za mbao. Ukisimama kimya unaweza kumwona fundi akishindilia pamba kwenye kiungo cha mbao kwa patasi na nyundo ndogo, tak tak tak, mkono mmoja ukifuata mwingine bila yeye hata kutazama. Hiyo ndiyo kalafati, bila hiyo boti inakunywa maji. Mtu wa gereji angekaa pale saa nzima. Mimi nikamrudisha hotelini amenuna.

Siku ya pili nikaharibu zaidi. Nilitaka kumpeleka Gombe kwa sokwe ambao Jane Goodall alikuja kuwachunguza mwaka 1960. Boti maalumu ilinishinda bei, nikasema tupande ya abiria pale Kibirizi. Tukafika saa moja asubuhi. Boti ya abiria inaondoka mchana, ndugu zangu! Asubuhi inaleta watu wa vijijini mjini, mchana inawarudisha, na ukishuka Gombe ni ulale huko huko. Mimi mtoto wa Kigoma sikuulizia, nilijiona najua. Tulikaa juu ya magunia mpaka saa nne, shemeji akasimama akaondoka bila kuaga.

Nikamfuata. Kilichonisitiri ni meli ya Liemba. Tuliiona kwa mbali, nikamsimulia kwa kukata tamaa tu: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na huku kwa reli, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza wakazipaka injini grisi. Shemeji akageuka. "Grisi? Kabla ya kuizamisha?" Nikamwambia ndiyo, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hao walikuwa mafundi." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza jema tangu tuondoke stesheni.

Usiku ule hakupata usingizi. Saa kumi na moja alfajiri akanigongea mlango, nikamrudisha Kibirizi kwa kukosa pengine pa kwenda. Mitumbwi ilikuwa inaingia na taa zake, ziwa jeusi, milima ya Kongo bado haionekani. Dagaa walikuwa wanamwagwa kwenye mabeseni wakimeta kama bati jipya, kina mama wanapiga bei kwa kelele, na kulipokucha mchanga wote uligeuka fedha. Tukala migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa ugali wa muhogo, mawese yakimtiririka shemeji hadi kiwikoni. Hakusema samahani. Aliongeza sahani.

Sasa niseme, na atakayekasirika akasirike. Sisi tuna ugonjwa wa kuupima mji kwa picha. Tunafika, tunasimama mbele ya mnara, tunapiga, tunaondoka, kisha tunasema hakuna kitu. Mji wa ziwani unataka uamke mapema na ukae na watu. Amka mapema! Nimeshalisema na nitalirudia.

Kwa hiyo, dada yangu wa Morogoro: angalia mwezi kwanza. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikitanda taa haifui dafu, mitumbwi haitoki. Angalia na kalenda pia, maana mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Bandarini usitoe simu kupiga picha kabla hujaomba ruhusa. Kwa siku mbili Gombe iache, au ulipie boti ya kwako, na ukiwa njiani ujue Stanley na Livingstone walipita ufuko ule ule kwa mtumbwi mwaka 1871, wakienda kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. Ujiji nenda jioni, na anza kwa mafundi wa boti, mnara utakusubiri.

Na ukinunua dagaa waambie umetumwa na mjukuu wa Mmanyema. Watakupunja vile vile, ila watakupunja wakicheka.