Bia ya kahawia yenye uchachu na kahawa: usiionje ikiwa baridi sana

Umeuliza kwa nini bia ya kahawia yenye uchachu, iliyotiwa kahawa, inakukereketa na kahawa yenyewe huisikii. Anza na ubaridi. Ikitoka tu kwenye friji, nyuzi 4 hivi, harufu zimelala na ukali unatangulia. Iache nje dakika 20 hadi 30 ifike nyuzi 10 mpaka 13, mimina kidogo kwenye glasi pana yenye mdomo mwembamba, izungushe, unuse kwanza. Funda la kwanza usilihukumu; ulimi bado unazoea asidi. Kwenye la pili tafuta karameli, zabibu kavu, ndipo kahawa.

Uchachu laini kama wa mtindi ndio unaotakiwa, kazi ya bakteria wa laktiki. Ukichoma pua kama siki, hewa iliingia, kidogo huvumilika. Harufu ya pilipili hoho mbichi hutokana na kahawa. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ndiyo kosa kubwa: uchungu wake ukikutana na asidi, hubaki ukali wa majivu. Ukitengeneza mwenyewe, tumia buni nzima zilizokaangwa wastani, gramu 10 kwa lita, baada ya uchachushaji kwisha. Onja baada ya saa 24, kisha ziondoe.