Usiupime wito kabla hujalala

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa safari ya umisheni niliuanza nikiwa nimesimama, nikalazimika kutafuta pa kukaa. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili mkaikosa, usiku mzima mkajikunja kwenye viti vya uwanja wa ndege, na mlipofika begi lako halikuonekana. Sasa usiku unakodoa macho darini, na usingizi unakuja alfajiri, wenzako wanapoamka kwenda kwenye maombi. Jana ukasimama kutoa ushuhuda, maneno yakakupotea. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kama kweli Mungu ndiye aliyenituma, mbona sisikii chochote moyoni? Niliitwa, au nilitaka tu kusafiri?"

Swali ni la haki, ila usilijibu wiki hii. Mtu aliyekesha siku mfululizo akisema "moyo wangu mkavu", mimi humuuliza kwanza amelala saa ngapi na amekunywa maji kiasi gani. Najua kiongozi wenu atawasomea habari za nabii Eliya alipochoka akalala chini ya mti wa mretemu, kwa hiyo sitairudia. Angalia tu kwamba malaika hakuanza na mahubiri. Alianza na chakula, akamwacha alale tena.

Unayoyapata yana sababu. Ndani ya ubongo kuna saa inayoongoza usingizi, njaa na hata joto la mwili, na saa hiyo haibadiliki eti kwa kuwa tu rubani ametangaza saa za huko. Hujirekebisha polepole, kwa makadirio ya kawaida siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Nyinyi mmeelekea mashariki, na huko ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa kwa watu wengi saa ya mwili inazidi kidogo saa 24. Kuchelewa kulala inakubali, kuwahi inakataa. Basi ukiona huombi vizuri saa 12 asubuhi, kumbuka kwamba mwili wako bado unahesabu ni usiku wa manane. Mchana kaa nje kwenye mwanga, ukisinzia jinyooshe kidogo tu, usilale hadi magharibi.

Wamisionari wa zamani shida hii hawakuijua. Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekwenda China, aliondoka Liverpool Septemba 1853, akiwa na miaka 21, akatia mguu Shanghai Machi 1854. Kwa miezi ile yote mwili ulipata muda wa kwenda pamoja na meli. Sisemi walikuwa na raha, maana dhoruba nusura iivunje meli yao wakiwa bado karibu na pwani ya Wales. Ila wao waliilipa safari baharini, nyinyi mnailipa baada ya kushuka.

Sasa nikwambie jambo ambalo nadhani ndilo linalokusumbua kuliko usingizi. Unaona aibu. Umekwenda kuhudumu, na tangu ufike unahudumiwa. Wenyeji wanakufulia nguo moja uliyo nayo, wanakutandikia kitanda, na wewe huna hata ushuhuda wa kuwapa.

Mwanangu, mimi nimekaa upande wa hao wenyeji. Unakumbuka timu zilizokuwa zikija kanisani kwetu. Alikuja mhubiri mmoja ametoka uwanja wa ndege moja kwa moja, tukamsihi apumzike, akasema kazi ya Bwana haingoji. Akasimama. Sentensi ya tatu akaisema mara mbili. Mkalimani akaitafsiri mara mbili, kwa heshima. Kisha yule mgeni akashika kingo za mimbari, kichwa kikashuka taratibu, na mkalimani akabaki amefungua mdomo akisubiri neno. Mzee wa kanisa akaanzisha wimbo ili kumsitiri. Hakuna aliyemcheka, lakini wengi tuliona kwamba hakutuamini. Alidhani tusingempenda mpaka afanye kitu.

Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, Luka 10, aliwakataza kuchukua mfuko na mkoba. Aliwaambia wakae katika nyumba moja, wale na kunywa watakachopewa, wasihamehame. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Na Paulo alipofika Malta meli ikiwa imevunjika, na watu 276 wametoka majini wamelowa, wenyeji ndio walioanza: wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Kuombea wagonjwa kulifuata baadaye. Kwanza Paulo aliota moto wa watu asiowajua, akaokota kuni kama wengine.

Kwa hiyo kubali kupokelewa. Anayekutandikia kitanda, muulize jina lake na majina ya watoto wake, uyashike. Jifunze kusalimia kwa lugha yao na ukosee mbele yao wacheke. Kiongozi akikuweka kwenye ratiba ya kusema kesho, mwambie waziwazi: "Naomba nisaidie jikoni kesho, nitasema nikishapata usingizi." Hilo si utovu wa nidhamu. Na zamu yako ikifika, sema sentensi fupi umwachie mkalimani nafasi. Ushuhuda wa dakika kumi ukitafsiriwa unakuwa wa ishirini, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa mgeni amesema kidogo.

Umeuliza pia watu wa kanisani watasemaje ukirudi mapema. Watasema, wana midomo. Yohane Marko aliiacha safari ya Paulo na Barnaba ikiwa bado mbichi, akarudi Yerusalemu, na Biblia haitupi sababu. Paulo akakataa kwenda naye tena, akagombana na Barnaba kwa ajili yake. Lakini mwishoni Paulo huyohuyo anaagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Sikwambii urudi, wala sikukatazi. Subiri upate usingizi wa kweli usiku kadhaa, kisha uniulize tena, nasi tutaongea kama watu wazima.

Yapo mambo mawili ambayo hayana mjadala. Homa ikikupata usiite uchovu, nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Na miguu yote miwili kuvimba kidogo baada ya kukaa sana kwenye ndege si ajabu, lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, hospitali mara moja, hata kama ni katikati ya ibada.

Dawa zako natumaini ziko kwenye mkoba wa mkononi kama tulivyopanga. Kama zilibaki kwenye begi lililopotea, mwambie kiongozi leo, usione haya. Baba yako anauliza kama ile karatasi ya namba ya begi unayo bado, maana bila hiyo watakuzungusha. Ipige picha umtumie.

Nakupenda,
Mama